Redio Zilizokosekana Kwenye Mchoro: Nilivyojifunza Kuujaribu Mtandao Kabla ya Kuugusa

Mwezi Oktoba 2021 nilikabidhiwa kazi ambayo sikuwahi kuifanya kabla ya hapo. Kampuni ndogo ya intaneti iliyoniajiri ilikuwa na mtandao ulioanzia Tanga mjini, ukapita Muheza, Korogwe na Mombo, kisha ukapanda milima ya Usambara hadi Lushoto. Kutoka Tanga hadi Mombo tulikodi nafasi katika mkongo wa nyaya za kioo. Kuanzia Mombo kwenda juu tulitegemea redio za maikrowevu zilizofungwa minarani, zikirushiana mawimbi kupitia kilele kimoja cha katikati, na redio nyingine za akiba zilizoelekea Korogwe. Nilitakiwa kuondoa ruta (vifaa vinavyoelekeza data njiani) zilizochakaa katika vituo vinne, kuweka za MikroTik mahali pake, kuziunganisha na ruta mbili za Cisco zilizobaki Tanga, na kuanzisha MPLS, yaani utaratibu wa kubandika lebo juu ya kila pakiti ya data ili ruta za njiani zisome lebo tu, na mtandao wa kila taasisi ukae peke yake bila kuchanganyika na wa mwingine.

Hatukuwa na vifaa vya ziada vya kufanyia majaribio. Ruta mpya zilikuwa ndani ya maboksi zikisubiri kusafirishwa, na za Cisco zilikuwa kazini saa 24. Njia pekee ilikuwa kuujenga mtandao wote ndani ya kompyuta, kuuvunja humo na kuutengeneza humo, kabla ya kuugusa ule wa kweli. Naandika haya kwa ajili ya mhandisi atakayeanza kazi kama ile akiwa peke yake kama nilivyokuwa mimi, kwa sababu makosa niliyofanya hayakutokana na uvivu. Nilijaribu mno, ila nilijaribu kitu ambacho hakikufanana na mtandao wetu.

Nilianza na Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga mitandao, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea tangu chuoni. Baada ya siku mbili nikaelewa kwamba haikufaa kwa kazi hii, ingawa kwa kufundishia ni nzuri sana. Ndani yake hakuna ruta halisi. Walioiandika wameeleza namna ruta inavyopaswa kutenda, na kila walichokiacha hakipo. MPLS haimo, na vifaa vya kampuni nyingine havimo. GNS3, programu nyingine ya kuiga mitandao, hufanya kazi kwa njia tofauti: huendesha mfumo uleule unaoendesha kifaa halisi, ukiwa ndani ya mashine ya kubuni. MikroTik hutoa ruta pepe iitwayo CHR, na kwa upande wa Cisco tulikuwa na leseni ya CSR1000v. Asiye na leseni ya kazini anaweza kuangalia Cisco Modeling Labs, ambayo kwa mtu binafsi ilikuwa dola 199 za Marekani kwa mwaka, na ukomo wa vifaa 20. Namsihi asitumie faili za kuokoteza mtandaoni. Ukiacha suala la sheria, hutajua ni toleo gani umelipima wala ni nani amelichezea.

Wiki tatu za mwanzo zilipotea kwa sababu ya kompyuta. Laptopu yangu ilikuwa na kumbukumbu ya GB 8, na ruta moja ya CSR1000v peke yake hudai GB 4. Niliwasha zote mbili, nikaongeza CHR kadhaa, na mtandao ukaanza kuyumba: jirani wa OSPF (itifaki ambayo ruta hutumia kujulishana njia) anaonekana, anapotea, anarudi. Nilisoma usanidi wangu mstari kwa mstari, nikabadilisha vitu vilivyokuwa sahihi, nikakosa usingizi nikidhani sielewi kazi yangu. Tatizo halikuwa kwenye usanidi hata kidogo. Mashine ilikuwa imezidiwa, na ujumbe wa salamu ambao ruta hutumiana kila sekunde 10 ulikuwa ukichelewa au kupotea, hivyo kila ruta ikadhani mwenzake amekufa. Tangu hapo, kabla ya kuamini kasoro yoyote ninayoiona kwenye majaribio, kwanza naangalia kichakataji na kumbukumbu ya kompyuta inayobeba kila kitu.

Tulinunua seva iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 64, kwa shilingi 1,900,000. Nusu ya fedha hiyo niliitoa mfukoni mwangu kwa makubaliano ya kurudishiwa, na niliiweka nyumbani kwa kuwa ofisini umeme ulikatika mara kwa mara. Sikupiga hesabu ya LUKU. Uniti zilizokuwa zikitutosha mwezi mzima zilianza kuisha kabla ya tarehe 20. Ni gharama ambayo mtu anapaswa kuieleza mapema kwa mwajiri wake, ikaandikwa, kwa sababu baadaye ni vigumu kuidai.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Nilichukua usanidi halisi kutoka kwenye ruta zilizokuwa kazini badala ya kuandika upya kwa kukumbuka, nikaondoa nywila na majina ya wateja, nikabadilisha majina ya milango ya kuchomekea nyaya yafanane na ya ruta pepe. Nilihakikisha toleo la RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, ndani ya seva ni lilelile litakalowekwa kwenye vifaa. Kufikia mwisho wa Desemba nilikuwa na mchoro mzuri wenye vituo vyote, kila kituo kikimwona mwenzake, lebo zikigawiwa, mitandao ya wateja ikiwa imetengana. Nilifunga mlango wa Mombo unaoelekea Lushoto, na ndani ya sekunde chache safari ikahamia njia ya akiba ya Korogwe. Nilimwonyesha bosi wangu, naye akaridhika, tukapanga usiku wa kuamkia Jumamosi moja ya Januari 2022.

Usiku ule ulikuwa mtulivu kuliko nilivyotarajia. Kufikia saa nane na nusu vituo vyote vilikuwa juu. Nilipiga ping, yaani pakiti za kupima kama upande wa pili unajibu, kutoka Tanga hadi Lushoto, zikajibu zote. Mwenzangu aliyekuwa Lushoto alifungua tovuti kadhaa kupitia laini ya kawaida ya mteja wa nyumbani, zikafunguka upesi. Tukapeana hongera kwa simu, nikalala.

Saa mbili asubuhi simu zilianza. Tawi la taasisi ya fedha lilisema mfumo unafunguka hadi ukurasa wa kuingilia, kisha unaganda. Hospitali ilisema ujumbe mfupi unapita lakini picha za vipimo hazitoki. Mteja mmoja wa nyumbani alilalamika kwamba anaweza kutazama video ila hawezi kutuma faili. Kila nilichopima kilikuwa salama: ruta zinaonana, lebo zipo, ping zinajibu. Nilimwambia msimamizi wa kompyuta wa hospitali kwamba tatizo liko kwake, na sauti yangu ilikuwa ya kujiamini. Hadi leo hilo ndilo linaloniuma kuliko kukatika kwenyewe. Saa tano asubuhi bosi aliamuru turudishe mpangilio wa zamani. Tulifaulu kwa sababu tu nilikuwa nimeandika hatua za kurudi, moja baada ya nyingine, na ruta za zamani hazikuwa zimeng'olewa kwenye raki. Wateja wawili tuliwafutia sehemu ya ankara ya mwezi.

Sababu niliipata Jumapili, kwa karatasi na kalamu. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500. Ongeza kichwa cha Etheneti baiti 14, alama ya VLAN (inayotenganisha mitandao kwenye waya mmoja) baiti 4, na baiti 4 za mwisho za kuhakiki makosa, unapata fremu, yaani pakiti pamoja na vifungashio vyake, ya 1,522. Redio zetu za maikrowevu zilikuwa zimeachwa kama zilivyotoka kiwandani, na ukomo wake ulikuwa huohuo wa 1,522. Kwa miaka yote mtandao ulikuwa umepita pale bila hata baiti moja ya ziada, na hakuna aliyejua. Kila lebo ya MPLS ina baiti 4. Pakiti ya taasisi ikipanda, yaani ikitumwa kutoka Lushoto kwenda Tanga, ilibeba lebo mbili, ikawa 1,530. Ikishuka kuja Lushoto ilibeba moja tu, kwa sababu ruta ya Mombo, iliyo ya mwisho kabla ya mwisho wa safari, huibandua lebo ya juu. Hata hivyo 1,526 bado ilizidi. Redio ilizitupa pakiti hizo kimya, bila kumjulisha aliyezituma. Pakiti za mteja wa nyumbani zilizokuwa zikishuka hazikubaki na lebo yoyote, ndiyo maana tovuti na video zilifunguka na sisi tukadanganyika. Zile za kupanda zilikuwa na lebo moja, zikafa. Ping zangu, nazo, zilikuwa za baiti 56. Hata mlango mwembamba kiasi gani ungezipitisha.

Kwa hiyo kipimo ambacho kingetuokoa kilikuwa cha nusu dakika: ping yenye pakiti kubwa kabisa, iliyokatazwa kugawanywa vipande, ikapigwa ndani ya mtandao wa kila taasisi na kwa pande zote mbili. Hapa kuna mtego mmoja unaowapata wengi. Kwenye RouterOS ukubwa unaoandika ni wa pakiti nzima, hivyo unaandika 1500. Kwenye Linux unaandika ukubwa wa shehena tu, na mfumo huongeza baiti 28 za vichwa, hivyo unaandika 1472. Ukichanganya, utapima kitu kingine ukidhani umepima kilekile.

Jumatatu nilikwenda Mombo pamoja na fundi wetu wa minara, mtu mzima ambaye amepanda minara ile kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Nilimwamkia, nikatandaza mchoro wangu juu ya meza ili nimweleze kilichotokea. Aliutazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kati ya Mombo na Lushoto.

"Binti, redio zangu ziko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Kati ya Mombo na Lushoto nilikuwa nimechora mstari mmoja mnyoofu, na ndani ya GNS3 mstari ule ni waya usio na ukomo mdogo wa fremu kama wa redio zetu, usiolowana, usiochelewesha, usiopoteza kitu. Mlimani hapakuwa na waya. Palikuwa na vifaa vinne vyenye umeme wao, mipangilio yao na udhaifu wao, na mimi niliviondoa vyote kwa mpigo mmoja wa kalamu kwa sababu havikuwa ruta. Programu haikunidanganya. Ilipima kwa uaminifu mtandao niliouchora, na niliouchora haukuwa wa Lushoto.

Nilirudi nyumbani nikaujenga upya. Safari hii, katikati ya kila njia ya redio niliweka mashine ndogo ya Linux iliyounganisha milango yake miwili kama daraja, nikaipa jina la kilele chake. Daraja la Linux ambalo milango yake imewekewa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti bila vifungashio, ya 1,500 hutupa fremu iliyozidi kipimo kilekile cha redio zetu, kwa hiyo sikuhitaji kubuni chochote. Kabla ya kurekebisha kitu, nilisubiri kwanza nione kasoro ya Jumamosi ikijirudia. Ilijirudia: ukurasa wa kuingilia ukafunguka, kisha ukaganda. Nilifurahi kama mtu aliyekipata kilichopotea, kwani kwa mara ya kwanza majaribio yangu yalifeli mahali palepale mtandao wa kweli ulipofeli. Hapo ndipo nilipoanza kuyaamini.

Marekebisho yenyewe yalikuwa rahisi. Redio ziliruhusu fremu kubwa zaidi ya baiti 2,000, ila ilibidi mtu aende kila mnara kubadilisha mpangilio, kwa sababu hatukutaka kuugusa kutoka mbali na kupoteza njia ya kurudi. Mzee alifanya kazi hiyo kwa siku mbili.

Mashine zile za katikati zilifichua jambo la pili ambalo lingetuumiza masika. Nilipofunga mlango wa Mombo mwezi Desemba, ruta ya Mombo ilijua kwamba mlango umefungwa, ikawatangazia wenzake, na OSPF ikahama upesi. Mvua haifungi mlango. Mawimbi yanapokatika kati ya kilele na kilele, nyaya kati ya ruta na redio zake hubaki hai, taa inawaka, na ruta zote mbili huamini njia ni nzima hadi salamu zikose kufika kwa sekunde 40. Nilipokata njia katikati, kwenye mashine ya Linux, nilihesabu sekunde hizo zote 40 mtandao ukiwa umekufa. Tuliweka BFD, ambayo huwafanya majirani waulizane hali kila milisekunde 300 na kukata tamaa baada ya ukimya wa mara tatu. Ndani ya seva yangu BFD ilianguka bila sababu kila mashine ilipolemewa, nami nilikaribia kuiacha. Ruta mbili halisi zilizofungwa mezani, moja kando ya nyingine, zilionyesha kwamba haianguki. Programu ya uigaji inaweza kukupa hofu isiyokuwapo kama inavyoweza kukupa amani isiyokuwapo, na jambo lolote linalotegemea saa lazima lipimwe kwenye chuma.

Mvua pia hupunguza kasi bila kukata njia. Redio za siku hizi hushuka zenyewe hewa inapoharibika, kutoka 256-QAM inayobeba biti 8 katika kila alama hadi QPSK inayobeba biti 2, na njia iliyokuwa pana ikabaki na robo yake. OSPF haijui lolote kuhusu hilo. Gharama ya njia hubaki ileile na pakiti zinaendelea kumiminwa. Niliiga hali hii kwa zana ya netem iliyomo ndani ya Linux, nikabana njia hadi robo wakati data ikipita, na simu za hospitali zikavunjika ndani ya sekunde chache kwa kuwa zilipanga foleni moja na watu wanaopakua filamu. Anayetumia netem kuongeza ucheleweshaji akumbuke kwamba foleni yake ya kawaida ni pakiti 1,000. Kwenye kasi kubwa itaanza kutupa pakiti yenyewe, nawe utamlaumu asiyehusika. Tuliweka madaraja ya huduma, simu na miamala mbele, vingine nyuma, na nikayapima tena katika hali ya robo.

Kasi sikujaribu kuipima ndani ya seva. CHR isiyolipiwa hutoa Mbps 1 tu kwa kila mlango, na hata ukiilipia, unachopima ni nguvu ya kompyuta yako. Tulipima mezani kwa zana ya kupimia kasi iitwayo iperf3 na laptopu mbili, tukagundua kwamba kifaa nilichokichagua kwa ajili ya Lushoto kilikuwa kidogo mno: kichakataji chake kilifika asilimia 100 kabla ya kufikia kasi tuliyowaahidi wateja. Uchaguzi ule ulikuwa wangu, nilioufanya kwa kusoma karatasi ya bei. Kubadilisha kwa modeli kubwa kulituchelewesha wiki tatu.

Tahadhari moja zaidi, kwa sababu niliponea chupuchupu. Siku moja nilihamishia seva ofisini, nikaunganisha maabara yangu ya kubuni na mtandao wa ofisi ili nipakue faili. Nilisahau kwamba mojawapo ya ruta pepe ilikuwa ikigawa anwani kwa DHCP. Ndani ya saa moja kompyuta za uhasibu zilikuwa zimepokea anwani kutoka kwenye mtandao usiokuwapo, na hakuna aliyeweza kuchapisha ankara. Kama ingekuwa OSPF badala ya DHCP, njia za uongo zingeingia kwenye ruta za wateja. Maabara ya uigaji ikae peke yake. Ikibidi kutoka nje, itoke kupitia mlango mmoja wenye ulinzi, na ufungwe mara tu haja inapokwisha.

Tulirudia kazi usiku mmoja wa mwezi Machi. Nilikuwa na orodha ya vipimo niliyoiandika wiki moja kabla, kila kipimo kikiwa na jibu ninalolitarajia kando yake, ili usingizi na hamu ya kumaliza visiniamulie. Kipimo cha kwanza kilikuwa pakiti ya 1,500 isiyogawanyika, kutoka tawi la taasisi ya fedha Lushoto hadi Tanga na kurudi. Nilimpigia simu msimamizi wa kompyuta wa hospitali, nikamwomba radhi kwa maneno ya Januari, nikamwomba pia atume picha ya kipimo nikiwa bado kwenye simu. Picha ilifika.

Masika yalianza vizuri mwezi Aprili. Jioni moja mvua kubwa ilishuka Usambara, nami nilikuwa Tanga nikitazama grafu ya Mombo. Kasi ya redio ilishuka hatua kwa hatua hadi robo, ikakaa hapo dakika 20 hivi, upakuaji ukabanwa, foleni ya simu ikabaki imenyooka. Kisha mawimbi yakakatika kabisa na safari ikahamia Korogwe. Mzee alinipigia kutoka Mombo kuuliza kama wateja wa juu wanalalamika. Nikamwambia hapana, bado, nikaendelea kutazama.